Kujuana kwa kuandika: tathmini ya WordPress na LinkedIn kwa mtu anayeuza ujuzi wake

Waswahili husema kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hiyo ina ukweli wake sokoni, mahali ambapo mnunuzi anaweza kuishika bidhaa, kuigeuza na kuinusa kabla ya kutoa fedha. Lakini haimsaidii sana mtu anayeuza ujuzi, kwa sababu ujuzi hauonekani mpaka utumike, na mteja hawezi kuuonja bila kwanza kukuamini. Mimi hupanga na kukagua mahesabu ya biashara ndogo, na kwa miaka sita sasa nimetumia vyombo viwili ili nijulikane na watu ambao wasingenijua kwa njia nyingine: blogu inayoendeshwa kwa programu ya WordPress, na akaunti ya LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi. Ninavipima vyote viwili kwa pamoja kwa kuwa kimoja bila kingine hufanya nusu ya kazi, ingawa nusu hizo hazilingani kwa ukubwa.

Vyombo hivi ni marika. LinkedIn ilifunguliwa kwa umma tarehe 5 Mei 2003, na toleo la kwanza la WordPress likatolewa tarehe 27 ya mwezi huohuo, likiwa kazi ya Matt Mullenweg na Mike Little, waliochukua programu ya kublogu iliyokuwa imeachwa na aliyeiunda wakaiendeleza. Umri wao ni mmoja, lakini malezi yao ni tofauti. WordPress imebaki programu huria ambayo yeyote anaweza kuichukua, kuibadilisha na kuitumia bila kulipa. LinkedIn iliingia soko la hisa mwaka 2011, kisha Microsoft ikainunua mwaka 2016 kwa dola bilioni 26.2. Tofauti hiyo ya malezi ndiyo chanzo cha karibu kila jambo nitakalolisifu au kulilaumu hapa.

Kuanza na WordPress kunahitaji subira kidogo, kwanza kwa sababu jina moja limebeba vitu viwili. Kuna programu yenyewe, inayopatikana WordPress.org, ambayo mtu huipakua na kuiweka kwenye seva aliyoikodi, yaani kompyuta inayotunza tovuti. Na kuna huduma ya WordPress.com, ya kampuni ya Automattic iliyoanzishwa na Mullenweg mwaka 2005, ambayo hukutunzia blogu yako na kukutoza zaidi kadiri mahitaji yako yanavyokua. Mtu asiyependa mambo ya seva hatakosea akianza na hiyo ya pili, kwa sababu makala zake zote zinaweza kutolewa katika faili moja na kupandishwa kwingine siku akitaka kuhama. Mimi nilichagua njia ya kwanza. Nilinunua kikoa, yaani anwani ya tovuti, chenye jina langu, nikakodi nafasi ndogo kwenye seva, na baada ya jioni mbili za kuhangaika nilikuwa na blogu iliyosimama, mbaya wa sura lakini yangu.

Sura ilinigharimu muda kuliko ilivyostahili. WordPress ina zaidi ya programu-jalizi 50,000 katika hazina yake, yaani programu ndogo za kuiongezea uwezo, na mgeni huingia humo kama mtoto aliyeachwa peke yake katika duka la peremende. Nilianza na ishirini na mbili. Leo nimebaki na tano. Kila programu-jalizi ni mlango mwingine katika nyumba, na wadukuzi wanaovamia blogu za WordPress mara nyingi hupitia milango ya aina hiyo iliyosahauliwa bila kusasishwa, badala ya kuuvunja ukuta wa programu yenyewe. Kihariri kinachoigawa makala katika vitalu, kilicholetwa na toleo la 5.0 mwezi Desemba 2018, sikukipenda na bado sikipendi, kwa sababu kimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayepamba ukurasa kuliko mtu anayeandika. Kwa bahati nzuri ipo programu-jalizi inayokirudisha kile cha zamani, nayo ni mojawapo ya zile tano zangu.

Kasoro nzito zaidi haihusu vitufe. Mwaka 2024 Mullenweg aligombana hadharani na WP Engine, kampuni inayohifadhi tovuti za WordPress, hadi akaifungia njia ya kupata masasisho kupitia WordPress.org, na mwezi Desemba mwaka huo mahakama ya Marekani ikatoa amri ya muda ya kurejesha hali ilivyokuwa. Wenye blogu ambazo hazikuhusika hata kidogo na ugomvi huo walijifunza kwamba programu inaweza kuwa ya wote huku bomba linaloipitishia maji likiwa chini ya mkono wa mtu mmoja. Hata hivyo sikuhama, kwa sababu faili zangu ziko kwangu, nakala rudufu ninazo, na nikifukuzwa popote nitaondoka na makala zangu zote. Sifa hiyo peke yake inaiweka WordPress juu ya huduma nyingi za kuandikia zinazovutia zaidi kwa macho.

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Makala yangu inayosomwa kuliko zote inahusu jambo la kuchosha kabisa: namna ya kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki pale jumla mbili zinapokataa kukubaliana. Niliiandika usiku mmoja baada ya kumweleza mteja kwa simu, kwa mara ya tatu, kwamba atoe jumla moja katika nyingine kisha aigawe tofauti kwa tisa. Ikigawanyika bila kubaki kitu, kuna uwezekano mkubwa kwamba tarakimu mbili zimebadilishana nafasi mahali fulani, kama vile 540 kuandikwa 450. Hakuna siri yoyote hapo, na mhasibu yeyote mzee anaijua mbinu hiyo. Lakini mwenye duka anayekesha na daftari haijui, na saa hiyo ya usiku hana mhasibu wa kumuuliza; anachokifanya ni kuandika tatizo lake, kwa maneno yake mwenyewe, katika injini ya utafutaji. Wateja wangu wanne wa kudumu walikuja kupitia mlango huo, na wote walifika wakiwa wameshaniamini kabla hatujazungumza, jambo ambalo kadi ya biashara haijawahi kunifanyia hata mara moja.

Wapo wenzangu wanaoogopa kwamba ukitoa ujuzi bure utawafukuza wateja. Nilikuwa na hofu hiyo pia. Nilichokiona ni kwamba anayesoma makala na kuweza kufanya kazi mwenyewe hakuwa mteja wangu tangu mwanzo, na anayeisoma akaona ukubwa wa kazi ndiye anayepiga simu.

Katika ulimwengu wa programu za kompyuta mfano mkubwa zaidi ni wa Joel Spolsky, aliyeanza kublogu mwaka 2000 kuhusu namna ya kuendesha kazi ya kuandika programu, akaijengea kampuni yake jina kwa makala ambazo watengenezaji wa programu walizisoma hata kama hawakuwa na haja na bidhaa zake. Jeff Atwood naye alikuwa na blogu yake iliyopendwa na watu wa fani hiyohiyo. Mwaka 2008 wawili hao walifungua Stack Overflow, mahali pa waandishi wa programu kuulizana na kujibizana, na hawakuhitaji kutafuta watu wa kuanzia kwa sababu wasomaji wa blogu zao mbili ndio waliokuja kuuliza na kujibu katika siku za mwanzo. Mwaka 2021 kampuni ya Prosus iliinunua kwa dola bilioni 1.8. Sitaki msomaji aondoke na ndoto ya mabilioni. Ninachokitilia mkazo ni mpangilio wa matukio, kwamba wasomaji walikuwapo kwanza na biashara ikafuata, ilhali wengi wetu huanzisha biashara ndipo tukaanza kuhaha kutafuta wa kutusikiliza.

Nguvu hiyohiyo hukata upande wa pili, na makampuni makubwa yaliijua kwa maumivu. Mwezi Septemba 2004 ilienea kwenye mijadala ya waendesha baiskeli, kisha kwenye blogu, kwamba baadhi ya kufuli za Kryptonite zenye tundu la mviringo zingeweza kufunguliwa kwa kasha la plastiki la kalamu ya kawaida. Cha ajabu ni kwamba udhaifu huo ulikuwa umeshaandikwa katika jarida la waendesha baiskeli la Uingereza mwaka 1992, na hakuna lililotikisika. Miaka kumi na miwili baadaye watu walipiga video, wakaziweka hadharani, na katika siku chache kampuni ikalazimika kutangaza mpango wa kuwabadilishia wateja mamia ya maelfu ya kufuli. Habari ilikuwa ileile, ila safari hii kila aliyeisoma aliweza kuipitisha kwa mwenzake bila kumwomba mhariri ruhusa.

Kisa cha Dell, kampuni ya kompyuta, kinafundisha zaidi, kwa sababu kina sehemu ya pili. Mwezi Juni 2005 mwandishi wa habari Jeff Jarvis aliandika katika blogu yake jinsi alivyonunua kompyuta mbovu pamoja na huduma ya kutengenezewa nyumbani ambayo hakuipata, na chini ya makala yake wakajipanga wateja wengine wenye vilio vilevile. Kwa muda kampuni ilikaa kimya, kana kwamba jambo lililoandikwa na mtu mmoja lingepita kama upepo. Mwaka 2006 ikafungua blogu yake yenyewe, na mwezi Februari 2007 ikafungua mahali pa wateja kupendekeza maboresho na kuyapigia kura. Kwa maoni yangu hapo ndipo blogu ilipoacha kuwa mchezo wa vijana wa kompyuta na kuingia katika vikao vya wakurugenzi, kwa kuwa kampuni kubwa ilikiri kwa vitendo kwamba mteja mmoja mwenye kibodi ana uzito wa kutosha kubadilisha ratiba ya watu waliozoea kumjibu kwa barua zilizokwisha kuandikwa.

Palipo na imani hapakosi wanaotaka kuinunua. Mwaka 2006 ilijulikana kwamba blogu iliyosimulia safari ya watu wawili waliozunguka Marekani kwa gari la kulala, wakilala katika maegesho ya maduka ya Walmart na kukutana na wafanyakazi wenye furaha, ilikuwa imegharamiwa na kikundi cha kuitetea kampuni hiyo kilichokuwa kikisimamiwa na shirika la mahusiano ya umma la Edelman, bila wasomaji kuambiwa. Baadaye Tume ya Biashara ya Marekani ilirekebisha miongozo yake, na kuanzia Desemba 2009 mwanablogu anayelipwa au kupewa bidhaa ili aisifu anatakiwa kusema hivyo waziwazi.

Niliusoma mwongozo huo na bado nikajikwaa. Katika mwaka wangu wa pili kampuni moja ndogo iliniomba niisifu programu yake ya kutunzia mahesabu, ikanilipa, na ikasisitiza kwa upole kwamba habari ya malipo "si lazima itajwe". Programu yenyewe haikuwa mbaya, na hilo ndilo nililojitetea nalo moyoni. Wiki mbili hazikupita kabla msomaji mmoja wa siku nyingi hajaniandikia kuuliza kwa nini sauti yangu ilikuwa imebadilika katika makala ile. Hakunituhumu, aliuliza tu. Niliongeza sentensi ya ukweli juu ya makala, nikairudisha fedha, na msomaji yule hakuandika tena. Kati ya hasara zote ambazo blogu imeniletea, hiyo ndiyo pekee ninayoikumbuka kwa tarehe.

Nije kwa LinkedIn, ambayo mwaka 2023 ilitangaza kuwa imepita wanachama bilioni 1. Kwa mtu asiyewahi kuitumia, ni rejista ya watu wa kazi: kila mmoja anaweka wasifu wake, yaani alikosoma, alikofanya kazi na anachokiweza, kisha anaunganishwa na anaowajua, na mfumo unamwonyesha pia wanaojulikana na hao anaowajua, hadi hatua ya tatu. Kama rejista, sijaona chombo cha kukifananisha nacho. Kitabu changu cha zamani cha anwani kilikuwa kaburi la namba zilizokufa, kwa sababu watu huhama, hubadili kazi na kubadili simu. Katika LinkedIn kila mtu husahihisha ukurasa wake mwenyewe, kwa faida yake mwenyewe, na mimi huvuna bila kupanda. Mtu niliyefanya naye kazi miezi minne tu, zaidi ya miaka kumi iliyopita, bado naweza kumfikia leo bila kumsumbua mtu wa tatu.

Umuhimu wa mtu wa namna hiyo ulielezwa kabla ya intaneti kuwapo. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti aliouanzia kwa watu waliokuwa wamepata kazi mpya karibu na Boston. Miongoni mwa waliozipata kupitia mtu wanayemjua, ni asilimia 16.7 tu waliosema kwamba walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Sababu aliyoitoa ni rahisi mno hata mtu hujiuliza kwa nini hakuifikiria mwenyewe: rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua, anaishi na watu walewale unaoishi nao, ilhali mtu wa mbali anatembea katika vijiwe ambavyo wewe huingii, na habari za huko zinaweza kukufikia kupitia kwake tu.

LinkedIn yenyewe ilikuja kuwa maabara ya nadharia hiyo. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa majaribio yaliyowahusu wanachama zaidi ya milioni 20 kwa miaka mitano, ambapo mfumo wa kupendekeza watu ulibadilishwabadilishwa ili wengine waletewe watu wa karibu zaidi na wengine wa mbali zaidi. Ilionekana kwamba watu wa mbali kiasi ndio waliofungua njia za kazi kuliko wa karibu sana. Lakini ukivuka mpaka fulani, faida huanza kupungua kadiri uhusiano unavyozidi kulegea. Matokeo hayo ninayaamini kwa sababu yanafanana na daftari langu. Wakati huohuo wapo waliokereka kwamba mamilioni ya watu walijaribiwa bila kuambiwa mahususi, na wana hoja: kupata au kukosa kazi si jambo dogo la mtu kuchezewa nyuma ya pazia.

Nitasimulia kisa kimoja kutoka katika daftari hilo, kwa kuwa ndicho kilichonifanya nivitathmini vyombo hivi kwa pamoja. Mwanamke niliyewahi kukutana naye katika semina moja tu, tukaunganishwa katika LinkedIn na hatukuandikiana tena, aliisoma makala yangu ya ulinganisho wa benki kwa sababu niliiweka pale. Hakuacha maoni yoyote. Baada ya miezi minane, mtu aliyewahi kuwa mkubwa wake kazini alilalamika mbele yake kwamba vitabu vya kampuni yake vimevurugika, naye akamtumia kiungo cha makala ile pamoja na jina langu. Kazi hiyo ndiyo kubwa kuliko zote nilizopata mwaka ule. Bila LinkedIn makala isingemfikia mama yule. Bila makala, angekuwa na jina langu katika orodha ya mamia ya majina, na hakuna mtu anayempendekeza mwenzake kwa sababu tu jina lake limo katika orodha. Alipendekeza kitu alichokisoma na kukielewa, kwa hiyo hakuhatarisha heshima yake.

Hapo lugha yetu ina neno linalosema mengi. "Kujuana" kwetu lina sura mbili: moja ni ya watu kufahamiana, na nyingine ni ile inayotajwa kwa uchungu mtu anapokosa kazi aliyostahili, akaambiwa kwamba siku hizi ni kujuana tu. Wanaohubiri faida za mitandao ya kazi hupenda kuisahau sura hii ya pili, kana kwamba teknolojia imeiondoa. Haijaiondoa. Wasifu wa mtu aliyesoma chuo chenye jina na kufanya kazi katika kampuni yenye jina hupata viunganishi bila jasho, na mfumo humpendekeza kwa wengine wa aina yake, kwa hiyo aliyenacho huongezewa. Blogu ndiyo inayopunguza kidogo upendeleo huo, kwa sababu anayetafuta jibu la tatizo lake saa sita za usiku hajali mwandishi alisoma wapi. Anajali kama hesabu zimekubaliana. Ndiyo maana nikilazimishwa kuacha kimoja, nitaacha LinkedIn.

Mambo mengine ya LinkedIn ninayaeleza kwa kifupi kwa kuwa hayastahili urefu. Mtiririko wa machapisho unaochukua ukurasa wa mbele ni sehemu dhaifu kuliko zote: kila aliyepandishwa cheo "ananyenyekea", kila aliyefukuzwa "anashukuru kwa safari", na kisa cha mtoto aliyemfundisha baba yake somo la uongozi mezani hujirudia kwa majina tofauti. Niliamua kuingia mara mbili kwa wiki, kuweka makala mpya nikiwa nayo, kuwajibu watu, na kutoka bila kuteremka chini. Akaunti ya kulipia huruhusu kuwaandikia watu usiounganishwa nao na kuona zaidi ni nani waliotazama wasifu wako; inaweza kumfaa mtu wa mauzo au ofisa wa kuajiri, lakini kwangu, katika mwaka mzima wa kuilipia, kuwajua waliochungulia hakukugeuka kuwa mazungumzo hata mara moja. Aliyechungulia akaondoka ameshatoa jibu lake.

Kuhusu usalama na adabu ya kampuni, historia ipo wazi. Mwaka 2012 nywila za mamilioni ya wanachama ziliibwa, na mwaka 2016 ikadhihirika kwamba wizi ule ulikuwa mkubwa mara nyingi kuliko ilivyodhaniwa, kwani rekodi zaidi ya milioni 100 zilikuwa zikiuzwa. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 13 kumaliza kesi kuhusu barua pepe za kukumbushia mialiko, zilizotumwa kwa jina la wanachama kwa watu waliokuwa katika orodha zao za anwani. Na tangu mwaka 2018, ukipakua orodha ya viunganishi vyako, anwani nyingi za barua pepe hazimo, kwa kuwa mpangilio wa kawaida unazificha. Kwa upande wa faragha huo ni uamuzi mzuri, nisingependa anwani yangu ibebwe na kila niliyekubali mwaliko wake. Kwa upande wa biashara maana yake ni kwamba kijiji chote ulichokijenga kimesimama kwenye kiwanja cha kupanga, na siku mwenye kiwanja akibadili masharti utaondoka na nguo ulizovaa.

Kwa sababu hiyo nilianza mwaka wa tatu kuwaalika wasomaji waache barua pepe zao katika blogu, niwatumie makala mpya moja kwa moja. Orodha hiyo imekua polepole mno. Mwaka wa kwanza ilikuwa na watu thelathini na wanane, na sita kati yao walikuwa ndugu zangu. Hata hivyo wanaofungua barua na kujibu ni wengi kwa uwiano kuliko wanaogusa alama ya kidole gumba kwingineko, na majibu yao ndiyo yanayonipa mada za kuandika. Waliowahi kutegemea Google Reader kufuatilia blogu watakumbuka jinsi ilivyofungwa tarehe 1 Julai 2013 na wanablogu wengi wakapoteza wasomaji waliokuwa hawana njia nyingine ya kuwafikia. Barua pepe, kwa uzee wake wote, haina mwenyewe mmoja anayeweza kuizima.

Gharama yenye kuuma ni muda. Makala moja nzuri hunichukua saa sita hadi nane, na katika miezi kumi na minne ya mwanzo blogu haikuniletea mteja hata mmoja; mtu anayehitaji kipato ndani ya miezi mitatu atumie muda wake kuwapigia simu wateja wa zamani, kwani blogu haitamwokoa. Vilevile sioni faida yake kwa mtu ambaye kazi yake haina maswali. Fundi, mwalimu, mwanasheria, mhariri, mhasibu, mtaalamu wa mitambo, wote wanaulizwa kila siku, na kila swali wanaloulizwa mara tatu ni makala inayosubiri kuandikwa. Anayeuza bidhaa ileile inayouzwa na wengine elfu kwa bei ileile atachoka kabla msomaji hajamjua. Na asiyependa kuandika asijilazimishe wala asimkodi mtu amwandikie kwa jina lake, kwa maana mteja akija kwa kuvutiwa na sauti ile kisha akakutana na mtu mwingine kabisa, imani huvunjika katika kikao cha kwanza.

Kikoa changu kinaisha muda wake mwezi ujao, nami nimeamua kukilipia kwa miaka mitatu mbele. Akaunti ya kulipia ya LinkedIn nimeiacha ife. Ile ya bure imebaki, na jana imeniletea ujumbe wa mtu niliyesahau kabisa kwamba tuliwahi kuonana, anayeuliza kuhusu ile hesabu ya kugawa kwa tisa.